Pendekezo la Bajeti Linavyoufikia Mradi wa Ruzuku Lindi na Mtwara

Habari kwamba mfadhili anapunguziwa bajeti hufika Nachingwea kwa WhatsApp siku kadhaa kabla ya barua yoyote. Barua ikija huwa ya tahadhari: endeleeni na kazi, msianze shughuli mpya, subirini maelekezo. Kuanzia hapo mradi unalegea. Bajeti bado ni pendekezo na hakuna senti iliyokatwa, lakini dereva keshaanza kuulizia kazi kwingine, afisa mipango wa halmashauri anasita kuingiza mchango wa wilaya, na mzabuni aliyekuwa akitoa mafuta kwa mali kauli sasa anataka fedha taslimu.

Tunaoandika haya tumekaa kwenye uhasibu na usimamizi wa miradi ya ruzuku Lindi na Mtwara: afya, korosho, na kidogo uvuvi. Kubwa tulilojifunza ni kwamba miradi mingi huku huumizwa na kutojua fedha iko hatua gani. Watu hukimbia pale pa kusubiri, wakasubiri pale pa kukimbia.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kilichotangazwa ni nini hasa? Tuchukue Marekani, maana fedha nyingi za UKIMWI na malaria zilitoka huko. Mwaka wao wa fedha unaanza 1 Oktoba na kuisha 30 Septemba. Rais hupeleka maombi, lakini anayegawa fedha ni Bunge lao, na Bunge hilo likichelewa hupitisha bajeti ya mpito inayoendeleza kwa jumla viwango vya mwaka uliopita. Maombi ya mwaka 2026 yalitolewa 2 Mei 2025 yakiwa na makato makubwa ya misaada ya nje. Karatasi ile peke yake haikuondoa fedha kwenye mkataba wowote uliokuwa ukiendelea siku hiyo.

Jambo la pili, ambalo watu hulichanganya na la kwanza, ni ombi la kufuta fedha zilizokwisha kuidhinishwa. Ombi la namna hiyo lilipelekwa Juni 2025, la dola bilioni 9.4, na ndani yake mlikuwa na dola milioni 400 za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Seneti ikaziondoa hizo milioni 400, na sheria ikasainiwa 24 Julai 2025 bila kuzigusa. Aliyefunga kliniki ya mkoba mwezi Juni kwa kukiogopa kifungu kile angekuwa ameifunga kwa ajili ya kifungu ambacho hakikuwahi kuwa sheria. Kinachofutwa kwa njia hii ni fedha ambayo haijafungwa, yaani haijatengwa rasmi, kwenye mkataba, kwa hiyo la kufanya ni kumsukuma mfadhili mkuu asaini nyongeza ya mkataba mapema.

La tatu ni amri ya kusitisha, nayo haina subira ya Bunge. Ile ya 20 Januari 2025 ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na maagizo ya kusimamisha kazi yakafuata siku chache baadaye. Hapo hakuna mjadala wa bajeti tena, kuna tarehe na saa.

Uingereza wana mwendo mwingine. Februari 2025 walitangaza kushusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato lao la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Makato ya polepole kama hayo hayaji kwa amri ya ghafla, yanakuja kwenye mapitio ya mwaka: awamu inayofuata haipo, au ipo ikiwa imepunguzwa. Mwaka wao wa fedha unaisha Machi, kwa hiyo barua za Januari na Februari zisomwe mara mbili.

Sasa fungueni mkataba. Karibu kila mkataba wa ruzuku una viwango viwili vya fedha, na bodi nyingi hukumbuka kile kikubwa tu. Tuseme mkataba ni wa dola 1,000,000 kwa miaka 5. Mahali fulani, ukurasa wa kwanza au kwenye kiambatisho, kuna kiasi kingine, tuseme dola 320,000. Hicho ndicho kilichofungwa rasmi kwa ajili yenu. Zile 680,000 zilizobaki ni ahadi yenye sharti la fedha kupatikana, na mfadhili asipopata bajeti hamuwezi kumdai.

Tuendelee na mfano huo. Hadi mwisho wa Machi mmetumia 214,000, na kila mwezi mnatumia 15,000. Mkurugenzi anatoa 214,000 kwenye 320,000, anapata 106,000, anatangaza kwamba mradi una miezi 7. Mhasibu mzuri atamwambia asubiri. Kuna oda na mikataba iliyokwisha sainiwa ya 22,000: pango, ukaguzi wa hesabu, vifaa vilivyo njiani. Zinabaki 84,000. Kisha kuna gharama za kufunga mradi, tuseme 24,000. Zinabaki 60,000, yaani miezi 4. Anayeamini ni miezi 7 atakuwa amewapa watu mikataba hadi Oktoba huku fedha ikiisha Julai. Hesabu hii ifanywe kila mwezi vitabu vinapofungwa, na iwekwe mezani kwa bodi ikiwa ukurasa mmoja.

Gharama za kufunga ndizo zinazosahauliwa kuliko zote, na sehemu yake kubwa ni watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi apewe notisi isiyopungua siku 28 au alipwe badala yake, alipwe likizo yake aliyolimbikiza, na kwa aliyetimiza miezi 12 alipwe kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10. Ongeza nauli ya kumrudisha alikoajiriwa, na fedha ya kujikimu hadi atakaposafirishwa, pamoja na cheti cha utumishi. Mshahara wa msingi ukiwa sh 1,200,000, gawanya kwa 26 upate siku moja: sh 46,154. Siku 7 ni sh 323,077. Miaka 4 ni sh 1,292,308. Weka notisi ya mwezi, 1,200,000, na likizo ya siku 14, 646,154. Mtu mmoja keshafika sh 3,138,462, na bado hujapakia vyombo vyake Liwale kuvipeleka Mwanza. Zidisha kwa wafanyakazi 9.

Fedha hiyo lazima iwemo kwenye bajeti iliyoidhinishwa, au iombewe idhini kabla. Isipokuwemo, mfadhili aliyeondoka hatalipa, na deni litabaki kwa shirika. Mkataba wa kazi wa muda maalumu nao una mtego wake: ukiisha wenyewe hakuna kiinua mgongo, lakini ukikatizwa katikati bila sababu na utaratibu halali, mfanyakazi ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko anaweza kudai mishahara ya miezi iliyobaki. Dawa yake ni kuandika mikataba ya kazi iendane na kipindi cha fedha iliyofungwa, hata kama mradi kwenye karatasi ni wa miaka 5. Wafanyakazi hawataipenda, na wana haki ya kutoipenda. Sheria hiyo pia inataka mashauriano kabla ya kupunguza watu: waambiwe sababu, njia za kuepuka, na vigezo vya nani anabaki. Kikao cha dakika kumi cha kugawa barua si mashauriano, hata kikiwa na muhtasari.

Tetesi zikizidi, kuna jambo mashirika hufanya likawagharimu baadaye. Wananunua kwa pupa. Kompyuta, matairi, tangazo la semina ambalo halikuwa kwenye mpango wa robo, zote ndani ya wiki mbili, ili fedha isirudi. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani hukubali gharama zilizoingiwa kihalali kabla ya tarehe ya kusitishwa, mradi hazikuingiwa kwa kutarajia kusitishwa. Mkaguzi akikuta oda sita zenye tarehe moja baada ya miezi mitatu ya ukimya, hahitaji kuuliza sana. Gharama inakataliwa, na shirika linarudisha fedha ambayo halina.

Ubadilishaji wa fedha tuutaje haraka. Bajeti ikipigwa kwa sh 2,700 kwa dola na fedha ikaingia kwa 2,450, kila dola 10,000 inapungua sh 2,500,000. Hakuna aliyekata bajeti, lakini mafuta na posho vimekatika. Andikeni kiwango mlichotumia ndani ya bajeti yenyewe, na mwombe ruhusa ya kuhamisha fedha baina ya vifungu mapema, kwani wafadhili wengi wanataka idhini uhamisho ukivuka asilimia 10.

Upande wa halmashauri kuna kalenda nyingine kabisa, na ndiyo inayowaponza wageni. Mwaka wetu wa fedha unaanza 1 Julai. Vijiji vinaibua vipaumbele kwa mfumo wa upangaji shirikishi uitwao Fursa na Vikwazo, vinapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, timu ya menejimenti, Baraza la Madiwani, Kamati ya Ushauri ya Mkoa, TAMISEMI, kisha Bunge kuanzia Aprili hadi Juni. Shughuli isiyoingizwa PlanRep, mfumo wa serikali wa kupanga bajeti, haina kasma, yaani kifungu chake cha bajeti, na isiyo na kasma hailipiki kwenye MUSE, mfumo wa malipo serikalini, hata kama mkurugenzi aliahidi mbele ya Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya na watu wakapiga makofi. Mfadhili akitangaza kujitoa mwezi Mei, nanyi mkaenda kumwomba mweka hazina achukue mzigo kuanzia Julai, mnamkuta na rasimu iliyokwisha kwenda Dodoma. Kinachobaki ni uhamisho wa fedha baina ya kasma, nao unataka kasma nyingine ikubali kupungua. Muda wa kwenda ni Novemba hadi Januari. Nendeni na shughuli iliyoandikwa kwa lugha ya bajeti ya serikali: lengo, shughuli, pembejeo, idadi, bei ya kimoja. Andiko la kurasa 40 la mfadhili halimsaidii afisa mipango.

Na hata kasma ikiwepo, fedha ya ndani ya halmashauri za kusini ina msimu. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 tangu 2017, uliposhushwa kutoka 5, na huku zao lenyewe ni korosho. Minada ya vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU, TANECU, RUNALI na Lindi Mwambao huanza kuchangamka Oktoba. Kwa hiyo Julai, Agosti na Septemba hazina ya Tandahimba au Ruangwa ni nyembamba, na bei ikianguka mnadani ushuru unaanguka nayo. Mradi ulioandika kwamba halmashauri itachangia robo ya kwanza umejiwekea deni kwa mfadhili tangu siku ya kusaini. Pangeni mchango wa fedha taslimu mwishoni mwa robo ya pili au robo ya tatu. Robo ya kwanza halmashauri ichangie vitu: ofisi, ukumbi, muda wa watumishi. Muda huo uwe na karatasi ya saa iliyosainiwa kila mwezi, na mtumishi mmoja asihesabiwe asilimia 50 kwenye mradi wenu na asilimia 70 kwenye mwingine. Wakaguzi hulinganisha.

Mabadiliko ya bajeti yetu wenyewe yana uzito uleule. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ulikuwa asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa, na asilimia 65 yake ilirudi kuendeleza zao: pembejeo, miche, utafiti. Sheria ya Fedha ya 2018 ikaupeleka wote Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipiga kelele ndani ya Bunge, na mjadala unakumbukwa hadi leo. Ila kwa anayeendesha programu, angalieni tarehe. Pendekezo lilisomwa Juni na utekelezaji ukaanza Julai, na hiyo ndiyo miezi mkulima wa Newala anapopuliza dawa ya salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Salfa ikikosekana wakati mikorosho inachipua na kutoa maua, ile ya Oktoba haiokoi kitu. Vivyo hivyo miche. Mche wa korosho uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti bora, unasubiri mvua za Desemba na Januari kwenda shambani. Fedha ya usafiri ikichelewa miezi mitatu, mizizi inatoboa kiriba na kuingia kwenye ardhi ya kitalu, na ukiung'oa unakata mzizi mkuu. Fedha ikija Aprili utakuwa na miche kwenye taarifa na miti michache sana shambani. Ndiyo maana tunasema mradi wa korosho ulipe salfa kufikia Aprili na viriba kufikia Julai, au ukubali kuhamishia shughuli msimu mwingine, badala ya kusogeza tarehe tu kwenye jedwali. Barabara ya vumbi kwenda Liwale nayo haisomi jedwali: mafunzo ya vijijini yaliyosogezwa kutoka Septemba hadi Februari yanahitaji gari jingine na mafuta zaidi.

Katika kupunguza, njia inayopendwa ni kukata asilimia sawa kila kifungu. Inaonekana ya haki na haileti ugomvi kikaoni. Kwetu ndiyo mbaya kuliko zote. Angalieni sampuli za kupima wingi wa virusi vya UKIMWI. Dawa zenyewe zinakuja kwa njia ya Bohari ya Dawa, kifungu kingine kabisa. Mpimaji yupo, mshahara wake wa serikali. Kinachounganisha zahanati na maabara ni mwendesha pikipiki anayelipwa kwa safari, na kwenye bajeti ameandikwa kama usafiri wa ndani, kifungu ambacho kila anayepitia hesabu hukiona ni posho. Damu iliyokaa joto la kawaida kwenye chupa inatakiwa itenganishwe ndani ya saa 24. Pikipiki ikipunguziwa safari kutoka kila siku hadi mara moja kwa wiki, sampuli zote lazima zichukuliwe siku moja, foleni inajaa, wagonjwa waliotoka mbali wanaambiwa warudi wiki ijayo, na wengine hawarudi. Mmeokoa fedha kidogo na kuharibu kazi ya mashine ya maabara ya mamilioni. Kama sampuli za tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi zinakubaliwa na maabara yenu, hizo huvumilia zaidi, na ndizo za kujadili na mratibu wa UKIMWI wa wilaya kabla ya kugusa pikipiki.

Utaratibu tunaoushauri ni kuvipanga vifungu vyote kwenye mafungu matatu kabla barua haijaja. La kwanza: kikikatika, mtu anaumia au kitu kinaoza ndani ya mwezi. La pili: kikikatika kwa robo moja kinaweza kurudishwa. La tatu: kinaweza kufutwa leo. Semina za hotelini, fulana na vikao vya wadau vya kila robo viko fungu la tatu, na ajabu ni kwamba ndivyo huwa na watetezi wengi.

Barua ya kusitisha ikifika, andikeni tarehe na saa iliyopokelewa, na nani kaipokea. Someni kama inasema mkataba umesimamishwa au umevunjwa, kwa sababu wakati wa kusimamishwa gharama mpya hazikubaliki ila zile mlizoruhusiwa kwa maandishi. Mwulizeni mfadhili siku hiyohiyo, kwa barua pepe, kuhusu pango, mlinzi, bima ya gari, mishahara ya wanaofunga hesabu, na majokofu yenye vitu ndani. Jibu la simu halitoshi. Wapelekeeni notisi wazabuni na vikundi mlivyovipa ruzuku ndogo siku hiyo pia, maana gharama zao baada ya tarehe ile zitakuwa zenu. Magari yaegeshwe na usomaji wa kilomita uandikwe na watu wawili. Kisha mganga mkuu wa wilaya au afisa kilimo aelezwe ana kwa ana nini kinasimama kesho asubuhi, kabla hajasikia kwa mwenyekiti wa kijiji.

Ruzuku ndogo zilizo chini ya fedha za Marekani kwa kawaida hupewa siku 90 za kukamilisha taarifa za mwisho, na mpokeaji mkuu 120. Siku hizo zinahesabiwa ofisi ikiwa imepungukiwa watu, kwa hiyo mhasibu asiwe wa kwanza kuondoka. Mashirika yasiyo ya kiserikali hutakiwa kuwasilisha mikataba ya fedha inayozidi sh milioni 20 Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Marekebisho yanayopunguza fedha nayo pelekeni, ili taarifa yenu ya mwaka isionyeshe pengo ambalo hakuna aliyelieleza. Kwa kanuni za ruzuku za Marekani, risiti na vitabu vitunzwe angalau miaka 3 tangu taarifa ya mwisho ya fedha. Kabla ya kurudisha ufunguo wa ofisi, amueni makasha yanakaa kwa nani, yawe juu ya mbao na mbali na ukuta kwa sababu ya mchwa, na nakala za elektroniki ziwe mikononi mwa watu wawili ambao hawahami pamoja.